Ngiri, Kanga na Dirisha Dogo la Mzee Kobe

"Hadithi iko mlangoni!"

"Ifungulie ikae!"

"Imekuja na nani?"

"Na uongo wake mtamu!"

"Ikinoga mtafanyaje?"

"Tutaiomba isiondoke!"

Haya. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Zamani, zamani sana, wakati ngiri bado anakula amesimama wima na akiingia shimoni kwake anatanguliza kichwa, wanyama wa Bonde la Mkole walikuwa na ligi ya mpira. Wewe unayecheka hapo nyuma, ulikuwepo? Hukuwepo. Basi sikiliza.

Ligi hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya mchezo tu. Bonde zima lilikuwa na bwawa moja, na kabla ya ligi kila aliyeinama kunywa maji aliliwa na aliyesimama nyuma yake. Mwisho wakachoka. Hata walaji walichoka, kwa sababu nao wana kiu, na nao wana migongo. Wakakaa kikao, wakaunda timu sita, kila timu majina kumi na moja, lisizidi moja wala lisipungue moja. Majina hayo Mzee Kobe akayachora kwenye ukuta wa ndani wa nyumba yake ya udongo. Sheria ikawa fupi, hata vifaranga waliijua: aliye ukutani haliwi.

Asiye ukutani je? Shauri yake.

Na anayemla aliye ukutani? Yeye na ukoo wake wote hawagusi tena maji ya bwawa.

Sasa ngojeni niwaambie linalouma. Ligi ikiisha, timu iliyoburuta mkia inafutwa. Majina yake yote kumi na moja yanapanguswa kwa jani bichi, na wenyewe wanakaa nje ya ukuta mpaka ligi nyingine. Mmenielewa? Wanakaa nje, wao na mapaja yao.

Kulikuwa na timu moja ikiitwa Matope Stars. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Ngiri. Kocha wake alikuwa Bwana Ngiri. Nahodha wake je? Mnajua wenyewe.

Bwana Ngiri hakuwa mtu mbaya. Aliipenda timu yake kwa moyo wote. Ila alikuwa na kichwa kinachochemka upesi. Kikishachemka anakimbia mkia juu, na akikimbia anasahau alikuwa anakwenda wapi.

Raundi ya kwanza ilipokwisha, Matope Stars walikuwa wamefungwa mechi nne na kutoka sare moja. Kufungwa kwenyewe ni moja bila, moja bila, moja bila, moja bila. Lakini mkia ni mkia. Waliokuwa juu yao kidogo tu ni Mifupa, timu ya Bwana Fisi, na Fisi alikuwa akipita mazoezini kwao kila asubuhi, akimtazama mmoja mmoja kwa upole.

"Hamjambo, Matope?" anawaambia. "Mmenenepa."

Ngiri akawa hali, akila hashibi. Akimtazama Digidigi anapasha misuli, haoni winga, anaona mboga. Na juu ya majabali walikaa nyani, mashabiki wa timu, kazi yao kupiga makofi na kutukana. Siku hiyo walikuwa na neno moja tu:

"Sajili! Sajili! Sajili!"

Mwafaka, maana dirisha dogo lilikuwa limefunguliwa. Dirisha lenyewe lilikuwa tundu chini kabisa ya ukuta wa Kobe, kimo chake mwenyewe, na raundi ya pili ikianza lilikuwa wazi siku kumi. Masharti yake matatu. Jina jipya likiingia, jina la zamani linatoka. Anayesajiliwa na anayefutwa wote wawepo, Kobe awaone kwa macho. Na jina lililoingia kwa dirisha hili halitoki kwa dirisha hili hili. Siku ya kumi jua likizama, Kobe anaziba tundu kwa mgongo wake, na hata ukisukuma utajichosha.

Siku ya pili ya dirisha, Mbweha akaja kwa Ngiri. Alikuja taratibu, kichwa kaegemeza upande, mtu wa heshima zake.

"Mwenyekiti, pole na matokeo," akasema. "Mimi ni wakala. Nimekupatia Duma."

Ngiri akatoa macho. "Duma huyu huyu?"

"Huyu huyu. Hapo ulipo ukipepesa jicho, kashafika golini."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Sitaki hata punje. Nafanya kwa mapenzi ya timu. Niachie tu kitu kimoja kidogo: nikuchagulie wa kutoka. Kichwa chako kina mambo mengi, Mwenyekiti. Atoke Panya Buku. Ana magoli mangapi?"

Ngiri akafikiri. Panya Buku hakuwa na goli hata moja. Kazi yake ilikuwa kwamba mpira ukikwama katikati ya miguu ya watu, yeye anapenya chini, anautoa, anampa mwenzake. Goli si kazi yake. Lakini Ngiri alikuwa akihesabu magoli tu siku hizo.

"Atoke," akasema. "Atapata timu nyingine."

Basi Duma akaingia, Panya akatoka. Mapokezi yake nani asimulie! Nyani walipiga ngoma kutoka jabalini hadi uwanjani, wakambeba Duma juu juu, mmoja akazimia kwa furaha na wengine wakamkanyaga. Panya Buku alipotelea wapi, hakuna aliyeangalia.

Mechi ikaja. Filimbi ikalia, Duma akatoka mbio. Alikwenda, alikwenda, akampita beki, akampita kipa, akaingia golini mwenyewe mzima mzima. Mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja, umekwama miguuni mwa watu, na wa kuutoa hayupo.

"Rudi!" Ngiri akampigia kelele. "Rudi tukabe!"

Duma alikuwa amelala ubavu, ulimi nje. "Mwenyekiti," akasema akihema, "nimesajiliwa kwenda. Habari za kurudi hatukuzungumza."

Matope Stars wakafungwa tatu bila.

Nyani juu ya majabali wakafanya nini? "Sajili! Sajili! Sajili!"

Siku ya sita Mbweha akaja tena, taratibu, kichwa upande.

"Mwenyekiti, pole na matokeo. Kosa ni kwamba mpira tunaupiga chini. Nimekupatia Twiga."

"Na wewe unataka nini?"

"Sitaki hata punje. Mapenzi ya timu. Niachie tu nichague wa kutoka. Atoke Kanga. Ana magoli mangapi?"

Hapo Ngiri alisita kidogo. Bi Kanga alicheza katikati, nyuma kidogo, na kusema kweli mpira ulimgusa mara mbili au tatu kwa mechi. Lakini mdomo wake! Tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho Kanga haachi kupiga kelele:

"Mtu nyuma yako, toa! Uko peke yako, tulia! Kushoto kweupe, peleka!"

Dakika zote tisini. Mtu nyuma yako, toa! Uko peke yako, tulia! Kushoto kweupe, peleka! Haya nanyi semeni, msikae mnanitazama tu. Mtu nyuma yako?

"Toa!"

Uko peke yako?

"Tulia!"

Kushoto kweupe?

"Peleka!"

Vizuri. Mnaweza kucheza Matope.

Basi Ngiri akakumbuka kwamba kelele hizo zilimpa maumivu ya kichwa kila mechi. "Atoke," akasema. "Angalau tutapumzisha masikio. Atapata timu nyingine."

Nungunungu, kipa, akaja mbio miiba inagongana. "Mwenyekiti, unamtoa Kanga? Nani ataniambia?"

"Akuambie nini? Huna macho?"

"Ninayo," akasema Nungunungu, "ila nimezoea kusikia."

Ngiri akamwambia aende akafanye mazoezi. Twiga akaingia, Kanga akatoka. Ngoma zikapigwa, nyani wakajaribu kumbeba Twiga juu juu wakaishia magotini.

Mechi ikaja. Uwanja ulikuwa kimya. Kimya kile! Wachezaji wa Matope walikuwa wakigeuza shingo huku na huku, utadhani watu waliopotea njia. Swala akapokea mpira, mtu nyuma yake, hakujua, akanyang'anywa. Digidigi alikuwa peke yake mbele ya goli, hakujua. Akapiga kwa hofu, ukapaa. Kushoto kulikuwa kweupe, hakwenda mtu. Na Twiga alisimama katikati, shingo mawinguni.

"Huko chini kuna nini?" akauliza.

"Mpira!"

"Uleteni huku juu."

Ulikuwa umeshapita katikati ya miguu yake mara nne. Matope Stars wakafungwa tano bila.

Siku ya tisa Mbweha akaja mara ya tatu. Safari hii alikuwa anameza mate kila baada ya neno. "Mwenyekiti, pole. Kipa ndiye tatizo, lakini kipa tutampeleka mbele. Nimekupatia Mamba. Akifungua mdomo goli lote limeziba. Atoke Digidigi."

Ngiri alikuwa hana nguvu hata ya kuuliza. "Njoo kesho jioni dirishani," akasema. Kisha akaenda kwake kulala mchana mchana, kwa huzuni.

Akaingia shimoni kwa kichwa, mbio mbio, namna yake ya siku zote. Pua yake ikagonga kitu laini.

"Aah! Jicho langu!" sauti ikasema.

"Nani yuko nyumbani kwangu?"

"Mimi, Panya Buku. Nipo hapa siku ya nane."

"Siku nane! Mbona sijakuona?"

"Unaingia kwa kichwa, macho umefumba kwa sababu ya vumbi, unalala, unatoka kwa mbio. Utaniona wapi? Nimekaa kule mwisho kabisa."

"Na kwa nini huendi kwako?"

Panya akajifuta lile jicho. "Mwenyekiti, umewahi kujiuliza kwa nini Mbweha hataki hata punje?"

"Kwa mapenzi ya timu."

"Anaipenda kweli. Anampenda mmoja mmoja. Siku uliyonifuta nilipogeuka kutoka dirishani, yeye alikuwa nyuma yangu, kitambaa cha kulia chakula bado kidogo tu akivae shingoni. Nikachomoka, nikaingia shimo la kwanza nililoliona. Siku uliyomfuta Kanga, alimngoja pale pale. Kanga karuka juu ya mgunga, na hadi leo yuko huko; namwona usiku nikitoka kutafuta chakula. Siku ya nne hajashuka kunywa maji. Mbweha amelala chini ya mti."

Ngiri akakumbuka miadi yake na Mbweha. Digidigi! Kesho jioni angempeleka Digidigi mwenyewe kwa mikono yake.

"Mimi nilikuwa naokoa timu," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua," akasema Panya. "Kila mara ulitazama sana nani anaingia. Nani anatoka hukumtazama hata mara moja."

Siwafichi, Bwana Ngiri alilia. Machozi yalishuka hadi kwenye zile chunjua zake za mashavuni. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfaa.

Siku ya kumi, alasiri, Mbweha alikuwa ameshatangulia dirishani kumngoja Digidigi. Ngiri akaenda kwenye mgunga. Juu kabisa, kwenye miiba, alikaa Kanga, mdomo umekauka.

"Bi Kanga, shuka."

Kanga hakumtazama. "Nishuke niende wapi? Mimi si mtu wa kelele?"

"Nimekuja kukusajili."

"Una magoli mangapi ya kunipa, Mwenyekiti? Maana mimi sina hata moja."

Ngiri akainamisha kichwa. "Nimekukosea. Tena nimekukosea vibaya."

"Sitaki uniambie umekosea. Hilo hata nyani wanalijua. Niambie kazi yangu ni nini. Ukiijua, nashuka."

Ngiri akachimba vumbi kwa kwato. Akafikiria ule uwanja wa kimya. Akamfikiria Swala akigeuza shingo, na Nungunungu asemaye amezoea kusikia.

"Kazi yako," akasema polepole, "ni macho. Wengine wote tunautazama mpira. Wewe unatutazama sisi."

Kanga akamtazama kwa mara ya kwanza. Kisha akashuka, tawi kwa tawi.

Walipofika kwa Mzee Kobe jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja. Timu nzima ilikuwa imekuja, na nyani, na Mbweha mbele, na Fisi kwa nyuma, kaja kutazama tu. Dirisha lilikuwa chini. Siku zote Ngiri alikuwa akimtuma Mbweha kupeleka majina. Leo ilibidi yeye. Akajaribu kuinama, pembe zikagonga ukuta. Akajaribu ubavu, hakuona ndani. Mwisho akakunja miguu ya mbele akapiga magoti vumbini, mwenyekiti mzima, mbele ya watu.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba. Nani anaingia?"

"Kanga."

"Nani anatoka?"

Mbweha akanong'ona, "Sema Digidigi. Mwenyekiti, sema Digidigi."

"Mzee, ningeomba atoke Duma au Twiga. Hao hakuna wa kuwala."

"Waliingia kwa dirisha hili," akasema Kobe. "Hawatoki kwa dirisha hili. Fanya upesi, jua hilo."

Ngiri akageuza kichwa akawatazama waliobaki, mmoja mmoja. Digidigi, tonge moja. Swala, tonge tatu. Nungunungu, mwenye njaa haogopi miiba. Aliwatazama wote wanane, na hakuona hata mmoja wa kutoa. Alipenda maisha yake, msidhani hakuyapenda. Na alijua yeye ni mnono.

"Anatoka Ngiri," akasema.

Fisi kule nyuma akasahau akacheka.

Kobe akalipangusa jina la Ngiri kwa jani bichi. Kisha akaanza kuchora. Jamani, Kobe na kuchora! Akachora K. Akapumzika. Akachora A. Akaitazama akaona imepinda kidogo, akainyoosha. Jua likagusa kilima. Akachora N. Akachora G. Jua likawa nusu. Mbweha macho hayabanduki kilimani, maana anayengoja kuandikwa haguswi mpaka jua lizame. Kanga amesimama nyuma ya Ngiri, shingo mbele, anajaribu kuona jina lake. Mara kilima kikalimeza jua lote, na Mbweha akaruka.

Ngiri, pale alipopiga magoti, alimwona kwa pembe ya jicho. Hakufikiri. Kilichomtoka mdomoni ni kile alichokisikia kila mechi:

"Mtu nyuma yako!"

Kanga hakuuliza nani wala wapi. Akaruka kushoto, kweupe. Meno ya Mbweha yakafunga tap! juu ya manyoya ya mkia, manyoya yakang'oka yote, na ndiyo maana mkia wa kanga hadi leo hautoshi hata kufagilia.

"Jua limezama!" Mbweha akafoka, mdomo umejaa manyoya. "Hayumo ukutani! Ni halali yangu!"

Kobe akatoa kichwa dirishani polepole. "A ya mwisho niliimaliza jua likiwa nusu. Mimi ni mzito wa miguu, mkono sina neno. Njooni mwone."

Wakaona. KANGA, mbichi, imenyooka.

"Sijamla!" akasema Mbweha. "Sheria inasema kula!"

"Na hiyo iliyomo mdomoni mwako," akauliza Kobe, "ni mchicha?"

Tangu jioni hiyo Mbweha na ukoo wake hawakugusa maji ya bwawa. Ligi iliisha, na hadi leo mbweha anaramba umande.

Na Ngiri? Ngiri alikuwa nje ya ukuta, na Fisi alikuwa ameshaanza kumsogelea. "Mwenyekiti," anamwambia kwa upole, "umenenepa." Ngiri akanyanyua mkia, akakimbia, na safari hii hakusahau alikokuwa anakwenda. Alipofika shimoni akataka kuingia kwa kichwa, akasimama. Akageuka. Akatanguliza makalio, akaingia kinyumenyume, macho nje, pembe nje. Fisi akafika mlangoni, akazitazama zile pembe, akajifanya alikuwa anapita.

"Mwenyekiti," Panya akasema kutoka mwisho wa shimo, "umenikalia."

"Nivumilie. Sote wawili tuko nje ya ukuta. Mimi ndiye mlango."

Hivyo ndivyo walivyoishi raundi yote iliyobaki, Ngiri mlango na Panya mwenye nyumba. Matope Stars wakashinda moja, wakatoka sare moja, na mechi ya mwisho ikawaangukia Mifupa ya Fisi. Atakayefungwa, ukuta wote wa timu yake unapanguswa.

Ngiri hakuweza kwenda uwanjani. Alikaa mlangoni pake, kidevu mchangani, haoni kitu isipokuwa nyasi. Kisha filimbi ikalia huko mbali, na ikaja sauti moja juu ya sauti zote, kali, inayopasua:

"Mtu nyuma yako, toa!"

Ngiri akainua masikio. Huyo Swala. Katoa.

"Uko peke yako, tulia! Nungu, tulia!"

Nungunungu kaushika. Haujapasuka, maana nyani hawajazomea.

"Vipi huko?" akauliza Panya.

"Nyamaza, naona."

"Unaona nini na wewe umo shimoni?"

Lakini Ngiri alikuwa anaona kweli. Aliona uwanja mzima kwa masikio yake, mtu mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake. Miaka yote alikimbia ndani ya uwanja ule na hakuwahi kuuona hivyo.

"Twiga! Juu huko unaona nini?"

Sauti nzito, ya polepole: "Beki wao wa kulia amechoka."

"Duma, usikimbie! Bado! Nimesema bado! Kaa!"

Ngiri akauma ulimi. Kumbe Duma naye ana kazi. Kumbe Twiga naye ana kazi. Walikuwa wanamngoja mtu wa kuwaambia ni ipi.

"Bado... Kushoto kweupe, peleka! Duma, SASA!"

Ikapita pumzi moja. Ikapita pumzi mbili. Kisha majabali yote ya Bonde la Mkole yakalia, nyani wakaporomoka kwa furaha, na Kanga hata hakushangilia, alikuwa ameshaanza tena: "Rudini! Haijaisha! Mtu nyuma yako!"

Moja bila. Na Duma, wanasema, siku hiyo alirudi kukaba. Alirudi akitembea, lakini alirudi.

Mifupa wakapanguswa ukutani. Ligi mpya ilipoandikwa, Duma na Twiga wakajitoa wenyewe, maana hao hakuna wa kuwala, na timu yenyewe ndiyo iliyompeleka Panya Buku dirishani, na Bwana Ngiri nyuma yake. Kobe akamuuliza, "Cheo?" Ngiri akapiga magoti pale pale na kusema, "Andika mchezaji."

Tangu hapo ngiri ana sugu magotini. Mkimkuta porini anakula amepiga magoti, msimcheke. Anakumbuka lile dirisha. Na mkimwona anaingia shimoni kinyumenyume, hana wazimu. Kabla hajaingia anataka kuona anaowaacha nje.

Funzo lake ni hili, na mwenyekiti wa timu yoyote aliyepo hapa alisikie vizuri: kusajili katikati ya ligi si dhambi, mgeni anaweza kuwa dawa. Lakini kabla hujamtazama anayeingia, mtazame anayetoka, na kama hujui kazi yake, muulize aliyezoea kumsikia.

"Hadithi imesimama!"

"Iambie ikae!"

"Inasema imechelewa!"

"Basi isindikizeni!"

Nimeisindikiza hadi mlangoni. Imetoka kinyumenyume, inawatazama.